Mlingoti Anataka Kuacha Somo

Mimi ni mshauri wa masomo chuoni, na tangu niajiriwe sijakutana na mtu aliyeielewa kazi yangu mara ya kwanza. Dada yangu anadhani nawaambia watoto wa watu wasome, basi, halafu narudi nyumbani. Mume wangu aliwaeleza majirani kwamba natatua mambo ya vijana, na tangu siku hiyo wananiletea kesi za ndoa. Mlinzi wa getini ananiita dokta. Nimeshachoka kukanusha.

Basi nijieleze mwenyewe. Mwanafunzi akiingia chuoni anakuta masomo chungu nzima: mengine ya lazima, mengine ya hiari, mengine huruhusiwi kuyagusa mpaka upite mengine kwanza. Mimi ndiye ninayekaa naye tukapanga achukue lipi mhula huu na lipi mwakani, ili siku ya kumaliza isije ikagundulika kuna moja limesahaulika. Akianza kuyumba, namwita. Akikwama, tunatafuta amekwama wapi na nani wa kumkwamua. Akitaka kuhama idara, namweleza atapata nini na atakosa nini. Ila kuamua si juu yangu. Kuamua ni kwake. Mimi namwonyesha njia zilizopo, kisha nakaa na mikono yangu mapajani, na kwa mwanamke mwenye hasira za karibu kama mimi, hapo kwenye mikono ndipo penye kazi.

Ofisi yangu zamani ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na mpaka leo inanuka mpira. Ina meza, viti viwili vya wageni, kabati lisilofunga vizuri na kompyuta yenye kinyongo. Katika wiki ya kubadilisha masomo foleni hutoka mlangoni pangu ikashuka ngazi. Mwaka ule alikuja kijana anayetaka kuhamia Uhasibu, na nilipombana akakiri kwamba kuna msichana kule. Nikamuuliza, je, msichana naye akihamia Umeme? Akasema hilo hakuwa amelifikiria. Mwingine alichagua masomo yanayoanza saa nne tu, eti kabla ya hapo kichwa chake hakijafunguka. Mwingine alijisajili masomo mengi kupindukia ili amalize haraka. Nikamwekea ratiba yake mbele, akaitazama, akaona mwenyewe kwamba hakujiachia hata nafasi ya kwenda chooni, akapunguza bila mimi kufungua mdomo. Siku kama hizo naipenda kazi hii mpaka najionea gere.

Lakini aliyenikaa rohoni mwaka ule alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, anasomea upimaji wa ardhi. Wenzake walimpachika jina la Mlingoti kwa urefu wake, naye akalipokea bila kinyongo, hata kwenye simu alijiandika hivyo. Uwanjani hana mpinzani. Anatupia kiwanja jicho moja, anakuambia kona ipi imepinda kabla hajafungua vyombo. Shida yake ilikuwa moja tu, nayo ni Takwimu. Alianguka mara ya kwanza, akarudia, akaanguka tena. Na kwa masomo ya lazima sheria ya chuo chetu haina mjadala: unapewa mara tatu. Ukianguka ya tatu unaagwa, unaondoka mikono mitupu, hata kama mengine yote umeyapita kwa kishindo. Na ukilifuta somo mwenyewe katika ile mara ya tatu, inahesabika umeanguka. Mhula ule ndio ulikuwa mara yake ya tatu.

Alikuwa na rafiki, msichana mfupi wa mwaka mmoja nyuma yake, mwepesi wa kuwaka, na kwa hiyo jina lake Kibiriti. Walipanga chumba kimoja na huwezi kumwona huyu bila yule. Isitoshe, majina yao rasmi yanafanana, la kwanza mpaka la baba, jambo lililoitia wazimu kompyuta yangu: nikitaka alama za mmoja inaniletea za mwingine. Kibiriti alikuwa analichukua somo lile kwa mara ya kwanza, na hesabu kwake ni kama kutafuna karanga. Mazoezi ya Takwimu hufanywa na watu wawili wawili, na alama zake huingia kwenye matokeo. Nilipoona hawa wamejisajili pamoja, nikashusha pumzi. Nikajisemea, huyu sasa kapona.

Siku moja kabla ya dirisha la mabadiliko kufungwa, nikiwa nimepata upenyo wa kunywa chai, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Mlingoti. Uliandikwa hivi: "Shikamoo mama. Nimefikiria sana, nimeamua kuacha somo. Naomba unisaidie kabla ya kesho jioni. Samahani kwa usumbufu."

Chai ilinipalia. Nikampigia, simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Hapo mori ukanipanda. Samahani kwa usumbufu! Mtu anajitupa shimoni mchana kweupe, halafu ananiomba radhi kwa vumbi. Miaka yote ile aliyokaa chuoni, safari za uwanjani juani, alama za juu katika masomo mengine yote, anataka kuzimwaga zote kwa ujumbe usiojaza hata kioo cha simu. Nikawaambia wa kwenye foleni wanisubiri, nikatoka mbio, viatu vyangu vya ofisini vikilia korido nzima.

Kwanza nilikwenda kwa mwalimu wa Takwimu. Huyu bwana anaongea kama anakatwa mshahara kwa kila neno. Nilimkuta anafuta ubao. Nikamuuliza Mlingoti anaendeleaje darasani, nikitegemea aniambie hali mbaya.

Akasema mazoezi yake ni mazuri mno. Hakuna anayemfikia ila Kibiriti, nao wako sawasawa, kwa kuwa wanafanya pamoja. Nikamwambia basi jua kwamba huyo mzuri mno anataka kuacha. Akasimama na dasta mkononi akinitazama. Kisha akaiweka chini, akakung'uta chaki kwenye suruali, akanifuata bila kuaga darasa lililokuwa linaingia. Nikajua jambo limemgusa.

Mama yake Mlingoti ni fundi cherehani, ana kibanda chake ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la chuo. Nilivuka nikiwa na nia njema kabisa. Siri ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi, mzazi haambiwi, hilo nalijua kuliko ninavyoijua namba yangu ya simu. Nilitaka kumuuliza tu kama amemwona binti yake. Lakini uso wangu haujui kutunza siri. Mama fundi alinitazama, akaondoa mguu kwenye pedeli, pazia alilokuwa anashona likabaki limening'inia.

Akaniuliza kama binti yake amefukuzwa. Nikasema hapana. Akauliza kama ana mimba. Nikasema hapana, mama, nimekuja kumuulizia tu. Akanipima toka juu mpaka chini kama anayetaka kunishonea gauni.

"Basi ni Takwimu," akasema, akainuka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Nikamsihi abaki. Nilikuwa kama naisihi mvua. Tulivuka barabara watatu, mimi mbele, mama fundi katikati, mwalimu wa Takwimu nyuma na chaki zake, na wanafunzi wakatupisha njia kwa heshima ya watu wanaoelekea msibani.

Mlingoti tulimkuta mlangoni pangu. Simu yake ilikuwa imezima kwa kuisha chaji, kwa hiyo alikuja mwenyewe, akapanga foleni kama wengine. Alipomwona mama yake akatoa macho. Nikawaingiza wote, nikafunga mlango. Ofisi ya viti viwili ikawa na watu wanne, na Mlingoti, kwa adabu, akawaachia wakubwa viti, akasimama kichwa kikikaribia taa.

Tukamwangukia. Mama yake alianza kwa kumkumbusha walikotoka, na jinsi alivyokuwa akipima meza ya nyumbani kwa futi ya cherehani tangu hajaota meno ya mbele, na kwamba mtu hatupi alichokifukuzia tangu utotoni kwa sababu ya uchovu wa wiki moja. Mwalimu wa Takwimu akasema usiache, halafu, kwa kuwa neno hilo ndilo lililokuwa hotuba yake yote, akalirudia. Nami nikapokea kijiti nikamsomea sheria mwanzo mpaka mwisho, huku mikono yangu ikiwa kila mahali isipokuwa mapajani. Nikamwambia ajikaze kisabuni. Nikamwambia akiacha leo, kesho hana chuo.

Mlingoti alitusikiliza akigeuza kichwa toka kwa huyu kwenda kwa yule. Nilidhani ni aibu. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anashangaa: hakujua jambo lake dogo lingehitaji mkutano.

"Mama," akaniambia mimi, taratibu, "sina ugomvi wowote. Nampenda sana. Lakini somo ananibeba mno. Nikiendelea hivi nitaanguka."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kujibu. Ikakwama. Baba yangu alikuwa akitufinya masikio kwa kukosea maneno madogo kuliko hayo, na masikio yangu hayajasahau.

"Linakubeba," nikasema.

"Ananibeba, mama."

"Somo a-na-kubeba? Takwimu imekuwa mtu lini?"

"Si Takwimu. Somo yangu. Kibiriti."

Unajua tena, watu wawili wenye jina moja huitana somo, na kwa Mlingoti na Kibiriti wenye majina mawili yanayofanana ingekuwa ajabu wasiitane hivyo. Kumbe chumbani kwao, njiani, dukani, ni somo lete maji, somo twende. Mbele yangu tu ndiko walikokuwa hawaitani hivyo, kwa sababu mbele yangu walikaa kama wako kanisani. Na mimi nina somo yangu ukweni, mke wa binamu ya mume wangu, tunaitana hivyo mpaka leo! Lakini ukikaa ofisi hii, neno hilo likitamkwa unaona ratiba tu. Herufi mbili ndizo zilizonikosesha chai. Angeandika "kumwacha", ningemalizia kikombe changu kwa raha zangu.

Na ombi lake lilikuwa halali kabisa. Kubadilisha mwenzi wa mazoezi nako hupitia kwangu, katika dirisha lilelile. Nilikuwa nimesahau kwa sababu hakuna anayebadilisha.

Mama fundi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akajiziba uso kwa futi yake. Mwalimu wa Takwimu akafuatia, na siku hiyo ndipo nilipogundua ana mwanya. Mimi mbavu zilikuwa hoi. Kila nikijaribu kuacha, namkumbuka mwalimu akisema usiache, usiache, nacheka upya.

Mlingoti peke yake hakucheka. Alingoja tumalize, kisha akatueleza. Kila jioni ya mazoezi Kibiriti humwahi. Akishika kalamu, Kibiriti anamwambia leta, tutachelewa. Akiuliza hii imetoka wapi, Kibiriti anasema usijali, andika tu. Na hafanyi kwa dharau, anafanya kwa mapenzi, anaogopa rafiki yake asifukuzwe chuo. Alama zinakuja nyingi, lakini kichwani mwa Mlingoti hakuna kitu. Mtihani atakaa peke yake. Alijaribu kumwambia, Kibiriti akamwambia ana wasiwasi wa bure. Ndipo akaamua amwache, aombe mtu mwingine, hata kama huyo mwingine ni mbovu. Aliposema hivyo machozi yalimlengalenga, maana Kibiriti mwenyewe alikuwa bado hajui.

Mwalimu wa Takwimu mwanya wake ukapotea. Zile alama nzuri mno, kumbe hazikuwa za yule aliyemdhania. Nami nikaona haya, na niseme wazi, haya kwelikweli. Msichana alikuwa amekuja kuniambia kwamba hataki tena kubebwa, na mimi nilikuwa nimemkusanyia watu watatu wa kumbeba, mmoja wao ni mimi.

Nikawatoa wale wawili. Mwalimu alitoka haraka, akakumbuka darasa lake. Mama fundi alitoka, akarudi, akatoka tena, kama mtu anayesahau vitu. Mara ya mwisho alirudi kuniuliza kama ofisi hii haihitaji mapazia. Nikamwambia inahitaji, tutaongea kesho. Nikafunga mlango, nikamwonyesha Mlingoti kiti, nikaweka mikono yangu mapajani. Safari hii nikaikalisha hasa.

Nikamweleza njia zilizopo. Anaweza kubadilishiwa mwenzi. Waliobaki bila wenzi ni wawili, mmoja hahudhurii na mwingine anahudhuria lakini kulala kwake ni hukohuko darasani. Anaweza kuomba kufanya mazoezi peke yake, mwalimu atakubali. Anaweza kubaki na Kibiriti kwa masharti mapya. Kila njia nikamwambia uzuri wake na ubaya wake. Akaniuliza mimi ningefanya nini. Ulimi uliniwasha. Nikamwambia sijui Takwimu, sijui Kibiriti akiwaka anawaka kiasi gani, wewe unajua.

Akafikiri. Nje foleni ilikuwa inaguna. Akafikiri tena, kichwa kimeinama, vidole vyake virefu vikipima ukingo wa meza yangu.

"Nabaki naye," akasema mwishowe. "Ila asishike kalamu. Na nataka mtu asiyejua kitu kabisa, nimfundishe mimi, somo akiwa anasikiliza. Nikimwelewesha huyo, nitajua kweli najua."

Nikamwambia wazo zuri, tumtafute mtu huyo. Akainua macho akanitazama, na akaendelea kunitazama.

"Mama, wewe shuleni hesabu uliishia wapi?"

Nilisoma historia. Hesabu tuliachana mapema, kwa amani, na hakuna aliyemtafuta mwenzake. Nikamwambia hivyo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kibiriti alipoambiwa aliwaka, kama tulivyotarajia. Alisema yeye ndiye kamsaidia, kwamba wengine hutafuta rafiki wa hivyo hawampati, kwamba basi na mazoezi afanye na huyo anayelala darasani. Kisha akalia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli huwa anamwambia leta, tutachelewa. Mlingoti akamwambia kila siku. Kibiriti akasema hakujua. Wakakumbatiana mlangoni pangu, kichwa cha mmoja kwenye kifua cha mwenzake, na foleni ikapiga makofi bila kujua inashangilia nini.

Tangu wiki iliyofuata, siku moja kila wiki foleni ikiisha, stoo yangu iligeuka darasa. Sharti la Kibiriti lilikuwa kukalia mikono yake. Hakuna adhabu nzito kama hiyo kwa mtu anayejua jibu. Alikuwa anatafuna ncha ya mtandio, anatazama dari, wakati mwingine anatoka nje kabisa kwenda kuguna koridoni na kurudi.

Na mimi nilikuwa mwanafunzi mbishi. Wastani nilielewa upesi: jumlisha zote, gawanya kwa idadi yao, umekwisha. Tulipofika kwenye mtawanyiko nikagoma. Mlingoti alieleza kwa kanuni, sikuelewa. Akaeleza kwa kuchora, sikuelewa. Wiki iliyofuata akaja na kokoto, akazipanga mezani pangu, nikamwambia kokoto nimeziona, na bado sielewi. Nikamuuliza, namba zikiwa na wastani uleule zimekosana nini tena? Aliondoka siku hiyo mabega yameshuka. Zaidi ya hayo, alama zake za mazoezi zilikuwa zimeporomoka, zikamvuta na Kibiriti, kwa kuwa sasa zilikuwa zake. Mwalimu wa Takwimu alipita ofisini kunionyesha. Sita, tano, sita, zote kati ya kumi. Akasema sasa itabidi mtihani umwokoe. Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kwake, na iliniogopesha kwa urefu wake. Nilijuta nusu. Angekaa tu na alama za Kibiriti, angalau angeingia mtihani akiwa na akiba.

Basi siku nyingine akaja mikono mitupu, hana karatasi wala kokoto. Akaniuliza nyumbani kwangu nani huchelewa kula.

Alikuwa amegusa kidonda. Nikamweleza habari za shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tunayeishi naye. Mume wangu ni mtu wa saa. Saa saba mchana yuko mezani, mvua inyeshe isinyeshe. Shemeji huyo, loo! Leo atakuja saa tano chakula hakijainjikwa, anazunguka jikoni akifunua sufuria. Kesho atakuja saa tisa, vyombo vimeshaoshwa. Nikasema mpaka nikasahau kwamba nilikuwa darasani.

Mlingoti akaniacha nimalize. "Sasa mama, ukichukua saa ya shemeji ya leo na ya kesho, wastani wake ni saa ngapi?"

"Tano na tisa... Saba."

"Na wa mzee?"

"Saba."

"Wastani wao ni uleule. Lakini mzee unampakulia kwa saa, shemeji unampakulia kwa kubahatisha. Huko kubahatisha, yaani kila siku anaruka mbali kiasi gani na saa saba, ndio mtawanyiko. Wa mzee ni sifuri. Wa shemeji nikiupima, nitakuambia chakula chake ukifunike muda gani."

Nilipiga meza. Nilielewa! Mwanamke wa historia, na umri huu, nimeelewa. Nikamwambia arudie, akarudia, nikaelewa tena. Nikamchukulia na mkwe wangu anayekuja wageni wakishaondoka, nikaeleza mwenyewe mtawanyiko wake, nikapatia. Kibiriti alikuwa amesahau kukalia mikono, anapiga makofi. Katikati ya kelele zetu nikamwona Mlingoti amesimama kimya, mdomo wazi kidogo, anajisikiliza. Yeye ndiye aliyesema yale maneno. Hayakutoka kitabuni, hayakutoka kwa somo yake. Akakaa kwenye kiti polepole, akaomba kalamu, na akaanza kuandika kanuni ileile iliyomwangusha mara mbili, akiisoma kwa sauti: huyu ni shemeji, hii ni saa saba, hapa naondoa, hapa nazidisha tofauti kwa yenyewe ili aliyewahi na aliyechelewa wasifutane. Akaimaliza bila kusimama.

Toka hapo tulikwenda mchakamchaka. Sitasema kila jambo lilikuwa rahisi, maana mimi niliendelea kuwa mbishi na zoezi lake la mwisho alipata saba. Ila alikuwa anakosea kwa sababu anazozijua, na akirekebisha anarekebisha mwenyewe. Siku ya mtihani sikufanya kazi ya maana. Nilimshauri kijana mmoja achukue somo ambalo alikuwa ameshalifaulu.

Matokeo hunifikia mimi asubuhi, wanafunzi huyaona kwenye simu zao saa sita. Kompyuta, kwa kinyongo chake, ilinipa kwanza ya Kibiriti. Nikafunga nikafungua tena. Nikayaona ya Mlingoti. Nikanyanyuka, nikazunguka meza, nikakaa. Sheria ni kwamba simwambii. Ni yake, ayafungue mwenyewe. Tangu saa mbili mpaka saa sita nilihudumia watu nikiwa nimeuma midomo, na mmoja akaniuliza kama meno yananisumbua.

Walikuja wote wawili. Mlingoti akaketi, akafungua simu mbele yangu, na kabla ukurasa haujatulia akafunika sehemu ya chini kwa kidole gumba, pale inapokaa jumla. Aliacha wazi alama za mazoezi, za jaribio na za mtihani tu.

"Nataka nihesabu mwenyewe," akasema.

Akaomba karatasi. Mazoezi yana uzito wake, jaribio uzito wake, mtihani uzito wake, lazima kila moja uipunguze kwa uzito wake ndipo ujumlishe. Kibiriti alitupia simu jicho moja, jibu likawa limeshamfika. Nililiona linampanda usoni. Akageuka akatazama ukuta, mikono ameibana makwapani, na hakusema neno. Mlingoti aliandika bila haraka. Mahali fulani alikosea kubeba, nami niliona, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshafuta, anarudia mstari. Nje watu wa foleni walikuwa wanazozana nani katangulia. Akapiga mstari wa mwisho, akaandika jumla, akaizungushia duara. Akaitazama. Kisha akainua kidole.

Namba zililingana.

"Nimefaulu," akasema.

Nami niliyekuwa naijua namba ile tangu asubuhi, nilipiga vigelegele mpaka foleni yote ikanyamaza, kisha nikalala juu ya meza nikalia kama mtu aliyeambiwa sasa hivi.